Uyoga Ulioota Kaburini kwa Felista

Felista,

Uyoga umeota juu ya kaburi lako.

Nilitaka nianze kwa salamu, nikuulize huko uliko kukoje, nikueleze kwamba sisi tupo, lakini nakujua. Barua zilipokuja bwenini ulikuwa unaruka salamu zote, za shangazi na za majirani na za mifugo, unakwenda kutafuta mahali habari ilipo. Basi habari yenyewe ndiyo hiyo, nimeiweka juu kabisa usihangaike. Ni uyoga mweupe, ule mkubwa wa mchwa, na uliota mwingi mpaka watu wakaogopa. Nakusimulia ilivyokuwa kwa sababu katika watu wote ninaowajua, ni wewe tu ambaye ungefurahi.

Ulituacha wakati wa vumbi. Siku tuliyokuzika Balangdalalu, upepo wa ziwani ulikuwa unarusha chumvi mpaka machoni, kila mtu akawa anatokwa na machozi, hata wale waliokuja kwa ajili ya kuonekana tu. Kaka yako Danieli alichagua mahali pale upande wa mashariki wa boma, palipokuwa na kichuguu cha zamani ambacho ng'ombe walishakikanyaga mpaka kikalala. Vijana walichimba. Niliona udongo mwekundu waliokuwa wanautoa, na ndani yake vipande fulani vya rangi ya kahawia, vyepesi, vyenye matundumatundu kama sponji. Nikasema moyoni, Feli atanieleza hivi ni nini. Nikageuka kukutafuta kati ya watu. Nakuambia kweli, niligeuka. Halafu nikaona jeneza.

Ndivyo ilivyo mpaka leo. Nikikuta kitu shambani, mkono unaingia mfukoni kuchukua simu nikupigie picha. Na simu yenyewe bado inanikumbusha sindano yako. Kila mwezi inalia asubuhi, "Felista sindano", kama ulivyoniwekea mwenyewe siku ile kule Katesh, ukasema ukisahau wewe nikumbuke mimi. Sijaifuta. Inalia, naizima, naendelea kukamua.

Ulikuwa unaichukia ile sindano. Ulisema inauma kama kupigwa teke na ndama kwenye nyonga, na ukitoka kuchomwa ulikuwa unatembea upande upande mpaka wanafunzi wako wanajua leo mwalimu ametoka kituo cha afya. Lakini hukuiacha. Uliniambia siku moja tumekaa kwenye ngazi za nyumba yako, mbele yetu mlima Hanang umejifunika wingu mpaka magotini, kwamba dawa ile ya penisilini inatoka kwenye kuvu. Kuvu ya kijani, ndugu yake yule ukungu unaoota kwenye mkate uliosahaulika kabatini. Kuvu inatengeneza sumu ya kuwafukuza bakteria wasiile chakula chake, na binadamu wakaikuta, wakaiazima. "Koo liliniuma nikiwa mdogo," ulisema, "likaharibu viungo, likaharibu moyo. Na sasa ukungu wa mkate ndio unaolinda mlango." Ulicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nakutazama shingoni, pale mshipa ulipokuwa unapiga haraka kuliko wangu.

Kwa miaka yote ile ulilindwa, Feli. Mwisho moyo ulichoka tu wenyewe. Daktari alitueleza taratibu na tukamwelewa, na hatuna mtu wa kumlaumu, ingawa kuna siku ningependa kuwa naye.

Unakumbuka tulivyokutana? Kidato cha kwanza, kila mmoja amenyolewa kipara kwa sababu ya mapunye. Wewe mrefu kama mlingoti, mimi nimekufikia kwenye kwapa. Kwetu Tlawi tuliambiwa tusizoee watoto wa wafugaji wa bondeni, na nyie mliambiwa hivyohivyo kuhusu sisi wa milimani, na kwa hiyo matroni akatupa kitanda kimoja, wewe juu mimi chini. Kiswahili chetu wote wawili kilikuwa cha darasani. Ukisema neno, mimi nacheka. Nikisema mimi, unacheka wewe. Kwa kuchekana hivyo tukajikuta tunaongea. Yale mapunye nayo, uliponiambia baadaye kwamba ni kuvu, nilisema basi hata urafiki wetu umeanzia huko.

Likizo ya kwanza ukaja Tlawi. Ilikuwa imenyesha wiki nzima. Mama alikuwa ameokota uyoga, akaukaanga kwa siagi ya ng'ombe, akakuwekea sahani. Ukaiangalia. Mama akakuuliza kwa upole kama unaumwa. Ukasema, kwa adabu yako yote, macho chini, "Shikamoo mama, samahani mama, kwetu hiki ni chakula cha watu wasio na ng'ombe." Mimi nilitamani kuingia chini ya meza. Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Akasema, "Sawa mwanangu, basi leo kula kama mtu asiye na ng'ombe, kesho utakuwa nao tena." Ukaweka kipande mdomoni. Ukakaa nacho. Halafu ukala sahani yako, ukala na yangu.

Kesho yake ulitaka uonyeshwe uyoga ulikotoka. Tulikwenda wote kule juu ya shamba la viazi, kwenye kichuguu. Mimi nilikuwa nang'oa kama nilivyofundishwa, nazungusha kidogo navuta. Wewe hukutaka kuung'oa. Ulitaka kujua unashuka mpaka wapi. Ukachukua kijiti ukawa unachimba kandokando ya shina lake, na shina linaendelea kwenda chini, jembamba kama mkia wa panya, mpaka mkono wako ukazama hadi kiwikoni na mchwa wakaanza kukung'ata. Mama alikukemea. Wewe ulikuwa umelala kifudifudi kwenye matope, unasema, "Lakini unaenda kwa nani?"

Mimi kidato cha nne kilinirudisha shambani, wewe kikakupeleka mbele, ukarudi Katesh kuwa mwalimu wa baiolojia. Lakini likizo hazikukatika. Ulikuja Tlawi na Anjela mgongoni, baba yake akiwa ameshaenda zake machimboni kabla mtoto hajatambaa, na hukuwahi kumsema vibaya mbele yangu. Ulikuja na kitu kipya cha kuniambia kila mara. Kwamba uyoga si mmea. Kwamba kile tunachokiokota ni kama embe, na mwembe wenyewe uko chini, nyuzi nyeupe nyembamba kuliko nywele, zimetambaa udongoni na kwenye magogo, zinakula. Kwamba nyuzi mbili zinazofaana zikikutana gizani zinaungana, na mvua ikija ndipo zinainua uyoga juu uonekane, kwa kazi moja tu ya kumwaga vumbi lake la uzazi lipeperushwe na upepo. Ulikuwa unasema msitu wa Hanang usingekuwa na mahali pa kukanyaga kama si kuvu. Majani yote tangu zamani za mababu yangekuwa bado yapo, yamelundikana, na hakuna kitu kingeota.

Unakumbuka miche yangu ya misonobari? Ilikuwa ya njano, imekaa tu, haiendi juu wala chini. Nilishaweka samadi, nilishanyunyiza maji mpaka nikachoka. Ukaja na mfuko wa udongo uliochota chini ya misonobari ya zamani kule kwenye kigango, udongo wenye harufu ya uyoga, ukasema tuchanganye kwenye kila kiriba cha mche. Nilidhani ni mchezo wa walimu. Baada ya muda miche ikageuka rangi. Ukanieleza kwamba nyuzi za kuvu zimeshikana na mizizi, kuvu inaleta maji na chumvichumvi kutoka mbali ambako mzizi haufiki, mti unailipa sukari. Nikakuuliza, "Kama ndoa?" Ukafikiri kidogo. Ukasema, "Bora. Hapa kila mmoja analeta kitu nyumbani." Tulicheka mpaka Anjela akaamka.

Miti ile sasa imenipita. Mama bado anakaa chini yake jioni, na siku nyingine anasahau, ananiuliza, "Yule mrefu haji likizo hii?" Mara ya kwanza alipouliza nilimweleza tena, akalia kama ndiyo kwanza anasikia. Siku hizi namwambia yuko Balangdalalu, nyumbani kwao. Si uongo.

Sasa nifike kwenye uyoga.

Mwezi wa pili Danieli alinipigia. Unamjua kaka yako, hapigi simu kama hakuna msiba au harusi. Alisalimia vizuri, akasema, "Dada, kuna kitu kimeota kwa Felista." Nikadhani ni majani. Akasema si majani, ni uyoga, kaburi zima, mkubwa kama sahani, na watu wanapita kuuangalia. Kuna waliosema hukufa vizuri. Kuna waliosema kuna mtu alikulisha kitu, na ndicho hicho kinatoka. Jirani mmoja alishauri maji ya moto, mwingine majivu. Danieli mwenyewe alikuwa na saruji na matofali ya kukujengea kaburi, akisubiri kiangazi, na sasa anataka ajenge mara moja, aweke zege juu yote, yaishe. "Mama haongei," alisema. "Anakaa pale pembeni tangu asubuhi. Na mtoto anakaa naye."

Nilipanda basi hadi Katesh, nikachukua bodaboda. Njia ilikuwa matope matupu, tulianguka mara moja kwenye korongo, si sana. Nilifika mchana nikiwa nimechafuka mpaka kilembani.

Mama yako alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha mbele, bangili zake za shaba zimepauka. Nikapiga magoti, nikasema shikamoo Mama. Akaniwekea mkono kichwani, akauacha hapo muda mrefu. Unajua Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu, na Kibarabaigi changu kinaishia hapohapo, kwa hiyo katikati yetu akasimama Anjela. Amerefuka, Feli. Amechukua mwendo wako. Tangu msiba alikuwa hajakutaja kwa jina wala kwa "mama", si kwa bibi yake, si kwangu kwenye simu. Walimu wake walisema anasoma vizuri tu, ila haulizi kitu. Mtoto wako, haulizi kitu.

Na uyoga, nikuambie ulivyokuwa. Ulikuwa mzuri. Kofia zimefunguka, nyeupe, katikati pana ncha ya kijivu kama chuchu, nyingine bado zimefumba kama ngumi. Umetoka juu ya tuta na pembeni ya tuta, mpaka nje kuelekea zizini. Nilisimama pale, na kitu cha kwanza nilichofikiri ni siagi ya mama yangu.

Danieli alikuwa na ndoo ya majivu na jembe. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa kama wa mtu ambaye hajalala. Aliniambia, "Dada, wewe mlikuwa mnazungumza naye mambo haya. Sema. Nisipoondoa watu watasema tumemtupa."

Mama yako akasema kitu. Anjela akainamisha kichwa. Bibi akarudia. Na mtoto akaniangalia usoni, akatafsiri, sauti ileile ya mtu anayesoma darasani, "Bibi anauliza kama uyoga unamla mama."

Feli, sikuwahi kuulizwa swali zito kama lile, na aliyeliweka mbele yangu ni mtoto wako. Nilitaka kusema hapana, nimfunike, tuondoke pale. Nikajiuliza wewe ungesemaje. Nikakumbuka hukuwahi kumdanganya. Hata moyo wako ulimwambia, na ulimchorea kwenye mchanga milango inayovuja.

Nikasema, "Mwambie bibi, uyoga huu hautoki kwa mama. Unatoka kwa mchwa. Kama Danieli ataniruhusu, nitawaonyesha."

Tulichagua mmoja uliokuwa nje kabisa, karibu na zizi, mbali na tuta. Nilianza mimi kwa kijiti, Danieli akaona nachelewa, akachukua sime, akaendelea kwa uangalifu ambao sikuutegemea, anakwangua udongo kwa ncha kama mtu anayetoa mwiba. Shina likashuka, likawa jembamba, likaenda, likakunja upande wa zizi, likalipa kaburi mgongo. Sote tulikuwa tumeinama. Hata mama yako alisogea kwa makalio mpaka ukingoni. Mwisho Danieli akafungua chumba, na ndani yake kile kitu, kile cha rangi ya kahawia chenye matundu nilichokiona siku ya mazishi, kimekaa kizima, na juu yake vidoti vyeupe kama mayai ya chawa, na mchwa wanakimbia huku na huku wakiokoa wanachoweza.

Nikawaeleza kama ulivyonieleza wewe. Mchwa wanaleta nyasi kavu na vipande vya miti, na mavi ya ng'ombe pia, lakini peke yao hawawezi kuvimeng'enya vyote. Wanavitafuna, wanajenga hii bustani, na kuvu inaota juu yake, inailainisha. Wanaipalilia, wanatoa magugu, wanailinda na joto na baridi. Wanakula inachowapa. Hakuna anayejua kuiotesha bila wao, wengi wamejaribu. Mvua zikizidi kuvu inapandisha uyoga juu, na ndio huu. Ulikuwa hapa kabla ya Felista kuja, nikasema, ila kwato za ng'ombe zilikuwa zinaukanyaga kila mwaka kabla haujafunguka. Tangu kaburi lichimbwe, ng'ombe hawapiti tena hapa.

Anjela alitafsiri yote. Ilimchukua muda. Mahali pengine alitumia mikono. Mama yako alisikiliza, akainama akaangalia ndani ya shimo, akaangalia wale mchwa wanavyobeba vidoti vyao. Akasema maneno machache. Na mtoto wako, kwa mara ya kwanza tangu nifike, akataka kutabasamu.

"Bibi anasema, kumbe hivyo vidoti ndivyo ng'ombe wao."

Nikasema ndiyo. Ndivyo hasa.

Mama yako akaongea tena, safari hii kwa Danieli, na Danieli akaweka sime chini. Nilimwomba Anjela aniambie. "Anasema mtu hamwagi majivu kwenye zizi la wenzake. Anasema wafunike walikofungua."

Danieli alirudisha udongo kwa mikono. Halafu alikaa palepale kwenye matope, mwanaume mzima, akalia. Alisema matofali yale alifyatua mwenyewe, kila moja, kwamba hakuwa na kitu kingine cha kukufanyia. Mama yako hakumnyamazisha. Alipomaliza wakazungumza, na wakakubaliana hivi. Danieli atajenga ukuta mfupi wa matofali yake kuzunguka kaburi, mifugo isiingie, na msalaba kichwani kama ulivyotaka. Katikati udongo utabaki wazi. Kwa wanaosema, Danieli alisema atajibu mwenyewe. Ameshajenga, Feli. Ukuta umenyooka vizuri, upande wa magharibi tu ndio umelala kidogo, na amekataa kurekebisha.

Lakini si hilo nililotaka zaidi kukuambia. Tulipokuwa tumekaa, watu wazima wanaongea, Anjela alikuja akakaa ubavuni kwangu. Akasema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, ili bibi asisikie, "Na mama sasa, nani anamla?"

Nilimshika mkono. Nilimwambia ziko kuvu nyingine, ndogo, hazionekani, na bakteria pia, na kazi yao ni kurudisha kila kitu udongoni taratibu, majani na miti na wanyama na sisi. Nikasema haumii. Nikasema hakuna anayefanyiwa jeuri kule chini. Nikasema roho ni jambo lingine, na hilo wewe uliliamini, na mimi naliamini, lakini mwili ndivyo unavyokwenda, na nyasi anazoziona zimetoka huko. Alisikiliza. Akauliza, "Muda mrefu?" Nikasema ndiyo, muda mrefu. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu la hesabu alilokuwa analitafuta. Halafu akalaza kichwa mapajani kwangu akalia, kwa sauti, kama mtoto. Bibi yake akaja akakaa upande wa pili. Hatukumbembeleza anyamaze.

Kabla ya jua kuzama alikwenda mwenyewe akachukua kofia moja iliyokomaa, akaiweka juu ya jalada jeusi la daftari lake la zamani, akaifunika bakuli. Asubuhi akatuita. Alipoinua ile kofia palikuwa na duara la mistari, laini, ya rangi ya waridi, kila mkunjo umejichora. Akasema, "Mama alituonyesha hii darasani." Mama. Alisema hivyo tu, akaendelea, akamweleza bibi yake kwamba lile vumbi ndilo uzazi wa uyoga, kwamba linapeperuka na karibu lote linapotea, na kwamba wale kumbikumbi walioruka mwanzo wa mvua wameshajenga nyumba mpya, na sasa watoto wao wa kwanza ndio wanatoka nje kulitafuta ili waanzishe bustani yao. Nilikuwa jikoni nasikiliza. Kibarabaigi sikielewi, lakini ile namna ya kupandisha sauti mwishoni, ile ya kumwachia msikilizaji nafasi ashangae, ilikuwa yako.

Uyoga wa kaburini hakuna aliyeula. Ulizeeka, ukalala, ukaingiliwa na funza, ukaisha. Lakini siku ya kurudi nilipopita Katesh nilinunua mwingine kwa akina mama wanaouza kando ya barabara, nikampa Anjela aliyenisindikiza na mjomba wake, akarudi nao nyumbani. Alinipigia jioni. Alisema ameukaanga kwa siagi, na bibi amekubali kuonja. Mama yako, Feli. Ambaye ulimwomba miaka yote ile. Nikauliza amesemaje. Akasema, "Amesema ni kama kutafuna ngozi ambayo haijakauka. Lakini amekula mara mbili."

Nilikaa nayo simu sikioni hata alipokwisha kukata.

Mtoto anabaki na bibi yake wakati wa shule, ndivyo walivyotaka wote wawili, na likizo zote ni za Tlawi. Yuko hapa sasa. Analala kwenye kitanda kile kile ulichokuwa unalalia, miguu imeshaanza kutokeza mwishoni. Mama yangu anamwita Felista. Mara ya kwanza aliduwaa, siku hizi anaitika. Anauliza maswali, Feli. Anauliza tangu anaamka. Kwa nini hamira inafura. Kwa nini mahindi yenye ukungu tunayatupa na jibini ya padri yenye ukungu tunaambiwa ni nzuri. Kama mti ukikatwa zile nyuzi kwenye mizizi zinajua. Mengi sijui. Nimeshamwambia wewe ungejua, na tukaendelea.

Nakuahidi jambo moja, na naliandika ili lisinitoroke. Sitamdanganya ili nimtulize. Akiuliza kuhusu moyo wako nitamwambia. Akiuliza kuhusu baba yake nitamwambia ninachokijua, bila chumvi. Na akitaka kusoma mpaka mbali kuliko ulikofika wewe, nitauza viazi na nitauza misonobari, na Danieli ameshasema na ng'ombe wapo.

Kwa heri, rafiki yangu. Mvua inakunyeshea vizuri huko chini, udongo uko wazi. Anjela ananiita kutoka kule nyuma ya zizi. Anasema kuna kitu cha rangi ya chungwa kimeota kwenye gogo, hajawahi kukiona, nije kabla mwanga haujaisha.

Ngoja niende nikaone.

Yasinta wako